Siku Moja ya Mafundi na Magofu: Mwongozo wa Safari ya Gari kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo

Wakazi wa Dar es Salaam tuna kawaida ya kwenda Bagamoyo kwa semina, kwa harusi au kwa kuogelea, tukaingia hotelini asubuhi na kutoka jioni, na mji wenyewe tukauona kupitia dirisha la gari. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye gari na siku moja tu, ambaye anataka kuona majengo na magofu ya mji ule na pia kukaa karibu na watu wanaofanya kazi za mikono: mafundi wa vyombo vya baharini, wachongaji, wachoraji na wasusi wa mikeka. Umbali ni takriban kilomita 70 za lami, kwa hiyo safari si ndefu. Kinachowashinda wengi ni mpangilio.

Kanuni ninayoifuata ni moja: siku ipangwe kwa saa za mafundi, na magofu yapewe saa zinazobaki. Msikiti wa kale wa Kaole, kusini kidogo ya mji, upo tangu karne ya 13 na utaukuta hata ukifika alasiri, lakini fundi anayepigilia mbao za mashua ufukweni huanza kazi jua halijawa kali, na jua likishapanda hukusanya vifaa vyake akaenda kupumzika. Safari yangu ya kwanza nilianza na magofu. Nilipofika ufukweni saa 7 mchana nilikuta mashua imeegemea magogo, vumbi la mbao limetulia chini yake, na mafundi wamejilaza kivulini; nikarudi nyumbani na picha nyingi za kuta, na hata moja ya mikono ya mtu sikuwa nayo.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Jumamosi ndiyo siku inayofaa kuliko zote. Ijumaa mafundi wengi huacha kazi mapema kwenda msikitini, na huo ni wakati wao ambao mgeni hapaswi kuuingilia. Jumapili ina watu wengi ufukweni, na jioni yake magari ya kurudi jijini hujipanga kuanzia Bunju hadi Mwenge. Katika mwezi wa Ramadhani, sehemu nyingi za kulia chakula hufungwa mchana na mafundi hupunguza saa za kazi, kwa hiyo ni vyema kusubiri mpaka Idi ipite. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huharibu njia za vumbi na kuwafukuza wasusi barazani.

Jambo ambalo wapangaji wa safari hulisahau ni mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani zile zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Wenye vyombo hutumia maji hayo kupandisha mashua na majahazi juu pwani, na bahari inapopwa chombo hubaki kikavu kabisa, fundi akaweza kuufikia mkuku, yaani ule mti mkuu wa chini, na mbao zinazouzunguka. Ukienda wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kupwa sana, kazi unayoweza kuikuta ni ndogo zaidi. Mimi hutazama kalenda ya mwezi kwanza, ndipo nikachagua Jumamosi iliyo karibu na bamvua.

Hatua ya pili: jifunze mpingo kabla ya kuondoka jijini

Watu wengi husimama Mwenge kwenye soko la vinyago asubuhi ya safari, kwa kuwa liko njiani. Sishauri hivyo, kwa sababu fedha huishia hapo, buti la gari hujaa kabla ya safari kuanza, na saa nzuri za mafundi wa Bagamoyo hupita. Nenda Mwenge siku moja au mbili kabla, jioni baada ya kazi, bila nia ya kununua. Ukiwa na muda wa kutosha, anzia mchana Makumbusho ya Kijiji, yaliyofunguliwa mwaka 1967 kando ya barabara hiyo hiyo ya Bagamoyo, ambako nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania zimejengwa kwa ukubwa wake halisi pamoja na vyombo vya ndani. Ukishakiona kinu, kigoda au kapu ndani ya nyumba ya watu waliokibuni, utakitambua vizuri zaidi utakapokikuta sokoni.

Mwenge nenda kwa wachongaji wenyewe, nyuma ya maduka, mahali unaposikia tezo na patasi. Wengi wao ni Wamakonde, na mitindo yao mikuu ni rahisi kuitofautisha: ujamaa, ambapo watu wamepandana na kushikamana katika gogo moja, shetani, wenye maumbo yaliyopindapinda ya viumbe visivyo vya dunia hii, na binadamu, unaoonyesha watu katika shughuli zao za kila siku. Omba kuonyeshwa gogo la mpingo ambalo halijachongwa. Utaona kwamba sehemu ya nje ni nyembamba na ya rangi ya manjano iliyopauka, na moyo wake ni wa kahawia iliyokoza hadi nyeusi. Mti huu hukua polepole mno, ni mgumu, na ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Ndio mti ule ule unaotengenezewa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza za Ulaya.

Kupima ni hivi. Pakata kinyago mkononi. Cha mpingo hukushangaza kwa uzito hata kikiwa kidogo. Kigeuze utazame kitako, kwa kuwa anayepaka rangi mara nyingi huwa mvivu wa kupaka chini. Halafu kisugue kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Mchongaji mwaminifu hatakasirika, na mara nyingi yeye mwenyewe ameacha makusudi mstari wa ile sehemu ya manjano mgongoni mwa kinyago ili mnunuzi auone. Kipimo cha kitambaa nilijifunza kwa gharama. Nilinunua kando ya barabara kinyago cha mzee mwenye fimbo, nikahakikishiwa kwamba ni mpingo mtupu, nikakizungushia shati langu jeupe kisije kikakwaruzika. Tulipofika nyumbani shati lilikuwa limepigwa chapa ya mzee mzima, pua na fimbo, kwa rangi ya viatu.

Hatua ya tatu: andaa gari na vifaa

Kwenda, kurudi na mizunguko ya ndani hufanya kilomita 160 au 170. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 17 hivi, kwa hiyo jaza mafuta jioni ya kuamkia safari. Hakikisha gurudumu la akiba lina upepo.

Beba fedha taslimu katika noti ndogo, kwa kuwa msusi wa mkeka hana chenji ya noti ya shilingi elfu kumi, na uweke pia fedha kwenye simu, kwa kuwa kiingilio cha maeneo ya Serikali hulipwa zaidi kwa njia hiyo. Raia achukue kitambulisho, maana viingilio vya Watanzania na vya wageni hutofautiana sana. Weka garini mashuka mawili ya zamani, kamba, utepe wa kupimia, kapu kubwa, maji ya kunywa na kofia. Kapu ni la lazima: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na si kila fundi ana kitu cha kukufungashia. Wanawake watafurahi kuwa na kanga ya ziada, na wanaume suruali ndefu, kwa sababu sehemu ya siku utakuwa misikitini, makaburini na kanisani.

Hatua ya nne: ondoka saa 12 asubuhi

Barabara hupita Mwenge, Tegeta, Boko, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga. Hakuna sababu ya kusimama popote, isipokuwa kwa chai na vitumbua. Katika maeneo ya makazi kikomo cha mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na maeneo ya makazi kwenye njia hii ni mengi. Askari wa usalama barabarani nao huamka mapema kama wewe.

Hatua ya tano: ufukweni, saa 2 hadi saa 4

Ukiingia mjini nenda moja kwa moja upande wa bahari, kwenye soko la samaki karibu na jengo la zamani la forodha. Egesha gari mahali palipo na watu, funga vioo, kisha tembea kwa miguu. Kamera iache begani na vaa uso wa mtu aliyekuja kusalimia.

Namna ya kumkaribia fundi inaamua kila kitu kitakachofuata. Simama hatua chache kutoka kwenye kazi, subiri ainue kichwa, kisha useme, “Shikamoo mzee, poleni na kazi.” Akishaitikia, jitambulishe na umweleze umetoka wapi, halafu uombe ruhusa ya kutazama. Picha ziombe baadaye, mkishazoeana, na akikataa usimshawishi. Kwa fundi wa rika lako, “Habari za kazi, fundi” inatosha. Nimewaona watu wakitoka garini na simu zimeshainuliwa, wakapiga picha kumi na kuondoka bila salamu. Mafundi hawakusema neno, ila walipofika wengine nyuma yao walikuta migongo tu.

Tazama kwanza mpangilio wa chombo. Mkuku ndio uti wa mgongo wake, na mataruma ndiyo mbavu. Mara nyingi huchaguliwa mti uliopinda wenyewe, ili taruma lipate nguvu bila kukatwa kinyume cha mshipa wa mbao. Kisha tazama zana. Ukibahatika utakuta keekee, kifaa cha kutobolea kinachozungushwa kwa uta. Fundi hushika kichwa cha keekee kwa kiganja cha kushoto, akavuta na kusukuma uta kwa mkono wa kulia, kamba ikazungusha mti wenye ncha ya chuma, na unga wa mbao ukaanza kutoka tundu likiwa bado halionekani. Tundu hutangulia msumari, kwa sababu msumari ukipigwa kwenye mbao ngumu bila njia huipasua, na ubao uliopasuka hauzibiki baharini.

Baada ya mbao kushikana huja kalafati, yaani kazi ya kuziba mianya kwa pamba iliyotiwa mafuta, inayoshindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Hii ndiyo kazi ninayopenda kuisikiliza. Nyundo inapogonga pamba iliyolegea hutoa sauti nzito, na kadiri pamba inavyojaa sauti hupanda; fundi mzoefu hahitaji kuinama kutazama, husikia tu kwamba ufa umeshiba. Muulize akueleze, na ikiwezekana akuruhusu ugonge mara mbili tatu. Utagundua ugumu wake mara moja.

Hapa huna kitu kikubwa cha kununua, isipokuwa vijahazi vidogo vya mbao ambavyo baadhi ya mafundi huchonga. Ukitaka kushukuru, agiza chai au soda kwa kikundi kizima badala ya kumpenyezea mmoja noti. Kabla ya kuondoka pita mnadani, ambako samaki huuzwa kwa mafungu na bei hupanda haraka kuliko mgeni anavyoweza kufuata. Usinunue samaki wa kurudi nao Dar, kwa kuwa atakaa ndani ya buti lenye joto hadi jioni. Nunua wa mchana huo huo, na umkabidhi mmoja wa wakaangaji walio pale pale, ukipatana naye saa ya kuja kula.

Hatua ya sita: Misheni, saa 4 hadi saa 6

Jua linapoanza kuwa kali nenda Misheni, kaskazini kidogo ya mji, kwa kuwa kule kuna kivuli. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakanunua uhuru wa watumwa na kuanzisha kijiji cha watu walioachwa huru. Njia ya kuingilia imepangwa miembe mikubwa iliyopandwa katika miaka ya mwanzo ya Misheni. Kanisa la kwanza ni la mwaka 1872, na ndani ya mnara wake ndimo ulimolazwa mwili wa David Livingstone tarehe 24 Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, kabla ya kuvushwa Unguja. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya mwaka 1910 na 1914.

Makumbusho yaliyo ndani ya nyumba ya zamani ya masista yanastahili saa nzima, hasa vyumba vinavyoeleza biashara ya watumwa na misafara ya pembe za ndovu. Ukitoka, uliza ulipo mbuyu. Ulipandwa mwaka 1868, na inasimuliwa kwamba baadaye sista mmoja aliufunga mnyororo wa punda wake kwenye shina. Mti ulinenepa, mnyororo ukabaki, na sasa kinachoonekana ni kipande kifupi cha chuma kinachochungulia kutoka kwenye gome, mfano wa mkia wa mjusi aliyeingia ufa wa ukuta. Watoto huona jambo hilo kuwa kubwa kuliko makumbusho yote, nami siwalaumu.

Karibu na eneo hili na kwenye barabara inayorudi mjini utakuta wachongaji na wauza vinyago. Hapo ndipo somo la Mwenge litakapokufaa. Tazama, uliza bei, kumbuka vibanda viwili au vitatu, lakini usinunue bado.

Hatua ya saba: chakula, kisha mji mkongwe, saa 6 hadi saa 9 na nusu

Rudi kwa mkaangaji wako, ule samaki wako na wali wa nazi au ugali, kisha upumzike. Saa 6 hadi saa 8 si saa za kutembea, na hakuna fundi atakayekushukuru kwa kumwamsha.

Baada ya hapo tembea polepole katika Mtaa wa India na vichochoro vyake. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam, na boma lao lililojengwa mwaka 1897 bado lipo. Iko pia Ngome Kongwe, jengo la karne ya 19, pamoja na jengo la misafara ambako wapagazi waliotoka Tabora na Ujiji walipumzika na kuhesabiwa mizigo. Jina la mji wenyewe hutafsiriwa kwa namna mbili: kuna wanaosema ni mpagazi aliyefika pwani akabwaga moyo kwa kupumua, na wanaosema ni mtumwa aliyeuacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa. Waongozaji watakupa tafsiri wanayoipenda, na ukimuuliza mwingine utapata ile ya pili.

Katika mitaa hii kazi ya mikono ya kutazama ni milango. Usiupige picha mlango kwa mbali tu. Usogelee uusome kwa sehemu zake. Miimo ni nguzo mbili za pembeni, kizingiti cha juu mara nyingi ndicho chenye nakshi nzito, na mfaa ni ule ubao wa katikati unaofunika maungio ya mbawa mbili. Pitisha macho kwenye mfaa kutoka juu hadi chini uone kama mchoro umejirudia kwa usawa, kwa kuwa hapo ndipo mkono wa fundi hujulikana. Ikiwa mtu atakuuzia mlango wa kale, kizingiti kilichong’olewa au bakuli alilolitoa kaburini, kataa. Vitu vya kale vinalindwa na sheria ya mwaka 1964, na kila kinachong’olewa hupunguza mji. Uagizie mlango mpya kwa fundi seremala aliye hai.

Ukisikia ngoma, fuata sauti. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wenyeji bado huiita Chuo cha Sanaa, ilianza mwaka 1981, na wanafunzi wake hufanya mazoezi mchana. Uliza getini kama wageni wanaruhusiwa siku hiyo. Wachoraji wa mjini nao hupatikana huku, wengi wakifuata mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta zenye mng’aro juu ya vipande vya mbao laini. Mwenyewe alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi. Kabla ya kununua mchoro bonyeza ukucha pembeni, mahali pasipoonekana. Ukiacha alama, rangi haijakauka na haitavumilia kukunjwa.

Hatua ya nane: Kaole na mkeka, saa 9 na nusu hadi saa 11

Kaole iko takriban kilomita 5 kusini mwa mji, yaani upande wa kurudia Dar, na ndiyo sababu nimeiweka mwisho. Fika kabla ya saa 10 ili usikute tiketi zimefungwa. Kuna mabaki ya misikiti miwili ya matumbawe na chokaa, makaburi yenye nguzo ndefu, kisima, na chumba kidogo cha makumbusho chenye vipande vya vyombo vya Kichina vilivyoletwa na biashara ya bahari. Baadhi ya makaburi yalipambwa kwa bakuli hizo. Tazama nguzo kwa karibu utaona vishimo vilipokuwa vimepachikwa. Usipande juu ya makaburi wala kuegemea nguzo, kwa sababu watu bado huja hapo kuomba dua. Mikoko iliyojaa mbele yake inaeleza kwa nini bandari ile ilikufa: maji yamerudi nyuma, na pwani imehama. Pana mbuyu mkubwa ambao waongozaji hupenda kuwahimiza wageni wauzunguke ili waongezewe umri. Mzunguko mmoja hauna gharama.

Alasiri ndio wakati wa wasusi. Kazi za asubuhi zimekwisha, jua limelegea, na katika vijiji vya pwani utaona wanawake barazani wakisuka huku wakizungumza. Omba mwongozaji akupeleke kwa mtu anayemfahamu, piga hodi, usalimie waliomo wote kuanzia mkubwa, na usubiri ukaribishwe kuketi.

Mkeka hausukwi mzima. Kinachosukwa ni ukili, utepe mrefu wa majani ya ukindu au miyaa yaliyokaushwa na kuchanwa vyembamba. Ukindu hutoa mkeka laini, na miyaa mkeka mgumu wa kazi. Chane za rangi huchemshwa kwanza katika maji yenye rangi. Idadi ya chane ndiyo inayoamua upana wa ukili, na ukosee moja tu, ua la katikati litahama upande. Mama niliyemtembelea mara ya mwisho alisuka bila kutazama, akizungumza nami usoni, vidole vikikunja chane ya pembeni na kuipitisha chini ya nyingine. Alipofika mahali pa kuongeza chane mpya alinyamaza, akaichomeka, akaivuta kwa meno, kisha akaendelea na maneno pale pale alipoyaachia. Ukili ukishafika urefu wa kutosha huzungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo. Kusuka ni kazi ya wiki kadhaa kwa mtu mwenye shughuli nyingine za nyumbani, na ufahamu huo ndio uende nao kwenye bei.

Ukaguzi wa mkeka ni wa dakika mbili. Utandike chini kwenye sakafu: ukivimba katikati au ukijikunja pembeni, mshono umevutwa vibaya. Ugeuze utazame maungio ya ukili upande wa nyuma. Uinue kuelekea mwanga uone matundu. Lowesha kidole usugue rangi nyekundu na zambarau, ambazo ndizo huchuja kuliko nyingine. Mwisho, nusa, mkeka uliohifadhiwa na unyevu una harufu ya ukungu ambayo haitoki kwa jua la siku moja. Mkononi uwe na utepe wako wa kupimia pamoja na vipimo vya chumba, kwa sababu macho ya safarini huona kila mkeka unatosha.

Kuhusu bei

Siandiki bei kwa kuwa hubadilika, ila naweza kueleza mwenendo. Uliza bei mara moja, sikiliza, kisha uulize kazi hiyo imechukua siku ngapi. Ukiona bei inakushinda, sema wazi uwezo wako ni kiasi gani badala ya kukitia kasoro kitu ambacho mwenyewe ameketi mbele yako. “Nipunguzie kidogo, mama” ni maneno ya kawaida na hayamuudhi mtu. Kumpunguzia bei mtu hadi akubali kwa sababu tu jua linazama na hana mteja mwingine ni jambo jingine. Na usitaje bei usiyo tayari kulipa, mkikubaliana, mmekubaliana. Kwa wachuuzi wa barabarani wanaouza kazi za wengine, patana kwa uhuru zaidi.

Sasa ndipo ununue vinyago na michoro uliyoikumbuka, ikiwa bado unaitaka baada ya saa kadhaa kupita. Ukirudi mjini kwa ajili hiyo utapoteza nusu saa, na kwa uzoefu wangu nusu ya vitu mtu alivyovitamani saa 5 huwa amevisahau. Kwa anayesafirisha vinyago nje ya nchi, adai risiti.

Hatua ya tisa: kupakia na kurudi

Mkeka uuviringishe, upande mzuri ukiwa ndani, na usiukunje kama shuka, kwa maana mkunjo huvunja chane. Mchoro wa kitambaa uuviringishe kwa ulegevu, rangi ikiwa nje, ndani ya shuka la pamba. Kinyago cha mpingo usikiweke juu ya dashibodi wala nyuma ya kioo, kwa sababu joto la gari lililofungwa huukausha mti ghafla na kuupasua. Kizungushie shuka, ukilaze sakafuni nyuma ya kiti.

Ondoka kabla ya saa 12 jioni ili giza likukute umeshafika Bunju, kwa sababu pikipiki zisizo na taa na watembea kwa miguu ni wengi kuanzia Mapinga. Anayeendelea kaskazini badala ya kurudi Dar atumie barabara ya Msata, yenye lami kwa kilomita 64, na asimame Kiwangwa anunue mananasi.

Ukifika nyumbani, usikipeleke kinyago moja kwa moja kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kiache kikiwa kimefungwa ndani ya shuka lake kwa siku kadhaa mahali pa kivuli, kisha ukipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi. Mkeka utandikwe siku hiyo hiyo, na pembe zake zibanwe kwa vitabu hadi asubuhi.